Mwili Nao Hujibu Maswali

Jioni moja mwezi uliopita mama mmoja jirani yangu aliniita barazani pake. Mama huyu hukaanga vitumbua na maandazi tangu alfajiri, na kwa jiko hilo moja la mkaa amesomesha watoto watatu. Binti yake wa kwanza amehitimu masomo ya uhasibu. Tangu ahitimu ameitwa kwenye usaili mara tatu, mara mbili mjini Dodoma na mara moja hapa Dar es Salaam. Mara zote tatu alishinda mtihani wa kuandika, na mara zote tatu alianguka katika usaili wa ana kwa ana.

Safari ya mwisho, alipokuwa akiinuka kuaga, mmoja wa wasaili alimwambia: "Binti, tangu umeingia hututazami. Kuna jambo unalotuficha?" Binti hakujibu kitu. Alirudi nyumbani na basi la usiku, akalala siku mbili bila ya kutaka kusema na mtu.

"Mwanangu," mama yule akaniambia, "wewe ni mtu wa magazeti, umeona mengi. Mimi ndiye niliyemfundisha mtoto huyu asimkazie macho mkubwa wake. Nilimfundisha kwa maneno, na alipokaidi nilimfundisha kwa kofi. Sasa nataka uniambie kweli. Nilimlea vibaya?"

Nakiri kwamba sikuwa na jibu la haraka. Nilimwomba anipe siku chache nisome na kuulizauliza. Makala ya leo ndiyo jibu langu kwake, na kwa kila mzazi ambaye mwanawe anangoja barua, simu au ujumbe wa kuitwa kazini.

Kwanza tuelewe ukubwa wa jambo lenyewe. Mwezi Juni mwaka 2014, watu zaidi ya 10,000 walikusanyika katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mapema mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, maombi yaliyopokelewa yalipita 135,000. Katika msongamano wa namna hiyo mtihani wa kuandika hufanya kazi ya chekecheo: hupitisha wachache na kubakiza wengi. Lakini wale wachache wanaopita, aghalabu elimu yao hulingana. Vyeti vinafanana, alama zinakaribiana, na vyuo pengine ni vile vile. Hapo ndipo wasaili watatu, wanne au watano wanapoketi nyuma ya meza, kila mmoja na karatasi yake ya alama, wakamwita kijana aingie. Dakika chache anazokaa mbele yao huamua mambo ya miaka mingi.

Tena usaili una gharama. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili wa utumishi wa umma humweleza msailiwa wazi kwamba atajigharamia nauli, chakula na malazi. Kwa familia nyingi nauli hiyo ni mbuzi aliyeuzwa, au ni fedha za kijumbe zilizokuwa zimekusudiwa bati la nyumba. Kijana anapoanguka kwa sababu ya elimu ndogo, tunasikitika na kumrudisha vitabuni. Anapoanguka kwa sababu hakuna aliyemwambia namna ya kukaa, kutazama na kusema, lawama hiyo tunaigawana sisi wa nyumbani.

Sasa tuitazame hiyo elimu ya lugha ya mwili, kwa maana siku hizi wanaojidai walimu wake ni wengi. Huenda umesikia mahali kwamba katika mazungumzo maneno hubeba asilimia 7 tu, sauti asilimia 38 na uso asilimia 55. Hesabu hii ilitokana na kazi ya mtaalamu wa elimu ya nafsi, Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, iliyochapishwa mwaka 1967. Watu walisikilizishwa neno moja moja, mathalani "labda", likisemwa kwa sauti za namna mbalimbali, huku wakionyeshwa picha za nyuso. Kisha waliulizwa kama msemaji anaonekana kupenda au kuchukia. Kwa hiyo hesabu ile yahusu hisia, pale maneno na uso vinapopingana. Mehrabian mwenyewe amekanusha kwamba yafaa kwa mazungumzo yote. Mhasibu aulizwaye namna ya kufunga hesabu za mwaka hawezi kupata asilimia 93 kwa tabasamu. Atakayekwambia hivyo, mwache aendelee na safari yake.

Habari nyingine ni ya mwaka 2010, huko Marekani. Watafiti watatu walitangaza kwamba mtu akikaa au kusimama dakika mbili kwa mkao wa kujitanua, hata kemikali za mwilini hubadilika akapata ushujaa. Habari ilienea dunia nzima, na mpaka leo wapo vijana wanaojifungia chooni kabla ya usaili wakisimama kama askari wa gwaride. Mwaka 2015 watafiti wengine walirudia jaribio lile kwa watu wengi zaidi, na hayo mabadiliko ya kemikali hawakuyaona. Mwaka 2016 mmoja wa wale watatu wa mwanzo alitamka hadharani kwamba yeye mwenyewe haamini tena kuwa jambo hilo ni la kweli. Kusimama wima hakudhuru mtu, lakini hakuchukui nafasi ya kujiandaa.

Na yule msaili aliyedhani kwamba binti anaficha jambo kwa sababu ameinamisha macho? Wataalamu wamelichunguza na hilo. Mwaka 2006 wawili kati yao walikusanya matokeo ya majaribio mengi, yaliyohusu watu zaidi ya 20,000 waliotakiwa kutambua nani asema kweli na nani mwongo. Majibu sahihi yalikuwa asilimia 54, yaani ni karibu sawa na kurusha sarafu hewani. Basi macho yaliyoinama hayathibitishi uongo. Msaili yule alikosea. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwake.

Hapa tunafika kwenye swali la mama yetu. Mtaalamu wa mila za watu, Edward T. Hall, katika kitabu chake cha mwaka 1966, alieleza kwamba kila jamii ina vipimo vyake vya kukaribiana, kugusana na kutazamana, na kwamba watu huvifuata bila ya kujua kuwa wanavifuata. Kwetu sisi, katika makabila mengi, mtoto huinamisha macho mbele ya mkubwa. Binti hupiga magoti akitoa maji. Mkwe hakazii macho wakweze. Haya si woga wala ujinga, ni sarufi ya heshima, nayo ina kanuni zake kama sarufi ya lugha yoyote. Aliyemfundisha binti yake sarufi hiyo hakumlea vibaya hata kidogo. Heshima si utumwa, walisema wazee, nao walisema kweli.

Ila ipo sarufi ya pili, ya ofisini, nayo haikuja kuifuta ile ya kwanza. Mtoto aliyezaliwa Newala akazungumza Kimakonde nyumbani na Kiswahili shuleni hakuipoteza lugha ya mama yake. Amepata mbili, na anajua ipi ya wapi. Vivyo hivyo kijana wetu anaweza kuinamisha macho mbele ya babu yake siku ya Jumapili, na siku ya Jumatatu akamtazama mwenyekiti wa wasaili usoni kwa utulivu. Kosa letu wazazi, kama lipo, ni kuwafundisha sarufi moja na kudhani kwamba ya pili wataokota njiani.

Basi hiyo ya pili ina nini? Niliwauliza watu wawili ambao kwa miaka mingi wamekaa nyuma ya meza za usaili, nikachanganya na niliyoyaona mwenyewe. Nayaeleza kwa mpangilio wa saa.

Kabla ya kuingia. Usaili huanza getini. Kijana anayemjibu vibaya mlinzi, au anayemwamuru mhudumu wa chai, yumkini ameshaonwa na mtu atakayemkuta ndani. Vyeti viwe halisi na vipangwe kwa utaratibu katika bahasha au jalada, visitafutwe mbele ya watu huku karatasi zikianguka sakafuni. Simu izimwe, isiachwe inatetemeka mfukoni. Nguo iwe safi, iliyopigwa pasi na kumkaa sawasawa, maana anayejivutavuta sketi au kulegeza tai kila mara huwaambia wasaili kwamba mawazo yake yako kwenye nguo.

Kuingia na kusalimu. Abishe hodi, angoje karibu, aingie kwa mwendo wake wa kawaida. Vijana wengi hutatizika na salamu: je, useme shikamoo, na kwa nani, iwapo mezani yuko mzee wa miaka hamsini na kijana wa umri wako? "Shikamooni" moja yenye sauti ya kusikika yawatosha wote. Wakiwa ni watu wa rika lako, "habari za asubuhi" haina kosa. Asitangulize mkono. Wakinyoosha wao, aupokee kwa kiganja kizima kisicholegea. Na ambaye dini au desturi yake haimruhusu kupeana mkono na mtu asiye wa jinsia yake, aweke mkono kifuani na kuinama kidogo, na mtu mwenye adabu atamwelewa. Asikae mpaka akaribishwe kiti.

Kukaa. Aketi kitini barabara, mgongo umeegemea, miguu yote miwili sakafuni. Anayekaa ukingoni mwa kiti aonekana yu tayari kukimbia, na anayejilaza nyuma aonekana yu nyumbani kwake. Mikono ndiyo msaliti mkubwa. Itafuta pete ya kuzungusha, kalamu ya kubofya, ncha ya mtandio ya kusokota. Iwekwe juu ya mapaja au ukingoni mwa meza, na itumike pale inapoeleza jambo. Mikono iliyokunjwa kifuani, japo pengine ni baridi ya kiyoyozi tu, hutafsiriwa kuwa ni kiburi au hofu.

Kutazama. Hapa nawaomba wazazi msikilize vizuri, kwa sababu neno "mtazame usoni" limewapoteza wengi. Hakuna anayetaka kukodolewa macho. Amtazame anayeuliza mpaka amalize swali. Anapoanza kujibu amtazame huyo huyo, kisha awagawie na wengine macho, kidogo kidogo, kama mtu anayegawa chakula sinia moja, ili asibaki mtu aliyesahauliwa. Anapofikiri anaweza kutazama pembeni au mezani, maana kila mtu hufanya hivyo. Na kama macho ya mtu yanamwelemea, atazame baina ya nyusi zake. Aliye ng'ambo ya meza hatatambua tofauti.

Kusema. Sauti imfikie aliye mbali zaidi mezani. Asikimbie. Swali likiwa gumu, anyamaze kidogo au aseme, "Naomba nifikiri kidogo," kwani ukimya wa sekunde tano humtisha mwenye kuuona kuliko wenye kuungoja. Akiwa hajui, aseme hajui, kisha aeleze angeanzia wapi kutafuta. Wote wawili niliowauliza waliniambia kwamba jibu la namna hiyo hupata alama, na kwamba porojo huzipoteza. Akiulizwa kwa Kiingereza ajibu kwa Kiingereza kadiri awezavyo, na akikwama, aombe ruhusa amalizie kwa Kiswahili. Kuomba ruhusa ni adabu, lakini kuchanganya lugha kiholela huonekana kama kukosa zote mbili.

Lipo swali moja ambalo karibu wote huulizwa: "Tueleze habari zako." Vijana huanza na kijiji walikozaliwa, wakaenda shule ya msingi, wakataja ndugu zao, na muda ukaisha kabla hawajafika chuoni. Wasaili hawaulizi nasaba. Wanauliza mambo matatu: umesomea nini, umewahi kufanya kazi gani kwa mikono yako, na hayo yanaifaa vipi kazi hii. Binti wa jirani yangu, kwa mfano, kwa miaka sita ameandika daftari la biashara ya mama yake: unga, mafuta, mkaa, deni la wateja, faida ya wiki. Hakuwahi kulitaja katika usaili hata mmoja. Alipoulizwa kwa nini, aliniambia aliona haya, maana ni vitumbua tu. Nikamwambia: kampuni ina ghala, mama yako ana debe la unga. Hesabu ni ile ile. Chema chajiuza, walisema wahenga, lakini chema kilichofunikwa kawa hakina wa kukinunua.

Kampuni nyingine siku hizi husaili kwa simu au kompyuta, msailiwa akiwa kwao. Hapo, atakaye kuonekana anamtazama mtu hana budi kuitazama kamera, siyo picha ya mtu. Mwanga uwe mbele yake, usiwe mgongoni, na wa nyumbani tumpe hiyo nusu saa bila ya redio wala ugomvi wa watoto.

Nisijifanye mjuzi wa kuzaliwa. Miaka kumi na zaidi iliyopita, nikiwa na stashahada yangu mpya ya uandishi wa habari, niliitwa katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Niliingia nimejaa maneno. Kila swali nililikatisha katikati kwa kuwa nilidhani wepesi ndio werevu. Mama mmoja mezani aliweka kalamu chini, akaniuliza: "Kijana, nimekuuliza nini?" Sikujua. Nilijibu swali ambalo hakuna aliyeniuliza. Kazi sikuipata, na ilikuwa haki. Siku ile nilijifunza kwamba nusu ya kuzungumza vizuri ni kusikiliza, na kwamba masikio nayo ni sehemu ya mwili inayosailiwa.

Neno moja nawaambia na wanaokaa upande wa pili wa meza, kwa kuwa nao ni wazazi na gazeti hili wanalisoma. Ndugu zangu, kijana aliyeinamisha macho mbele yenu huenda anawapa heshima kubwa kuliko wote waliotangulia. Msimhukumu kwa hilo. Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kuwa usaili wenye maswali yale yale kwa kila mtu, na alama zilizopangwa mapema, humtambua mfanyakazi mzuri kuliko usaili wa kuzungumza ovyo na kupima watu kwa macho. Mpimeni kijana kwa kazi aliyoombea. Kama kazi ni kutunza vitabu vya hesabu, mtazameni katika vitabu vya hesabu.

Wala nisiwadanganye wasomaji. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi, na wapo watakaofanya haya yote kikamilifu wakarudi mikono mitupu. Ukao mzuri hauzalishi ajira. Unachofanya ni kuondoa kizuizi kimoja ambacho kiko ndani ya uwezo wetu, tena bila ya senti tano.

Niliporudi kwa jirani yangu nilimweleza haya yote. Nikamwambia hakumlea vibaya, amemlea nusu, na nusu iliyobaki inaweza kumaliziwa pale pale barazani. Tuliweka meza, tukaweka viti vitatu nyuma yake. Mimi nilikaa kimoja, mdogo wake wa kidato cha nne akakaa cha pili, naye mama tukamfanya mwenyekiti. Binti akabisha hodi katika nyumba yao wenyewe, akasema "Shikamooni," akangoja kiti.

Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili macho yalimkimbilia sakafuni. Mara ya tatu mama alimwuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Kwa nini tukuajiri wewe, tukawaacha wenzako?" Binti akainua uso, akamtazama mama yake, akasema: "Kwa sababu nimetunza hesabu tangu nina miaka kumi na saba, na hazijawahi kupotea hata shilingi mia."

Mwenyekiti wetu alishindwa kuendelea. Yeye ndiye aliyeinamisha macho, akajifuta kwa ncha ya kanga. Kisha akaniambia kwamba mtoto huyu hajapata kumtazama vile tangu amzae, na kwamba alikuwa hajui ana macho ya marehemu baba yake.

Usaili wa nne ni wiki mbili zijazo. Nauli imeshapatikana. Kila jioni, vitumbua vikiisha, meza hutolewa barazani.

Wazazi wenzangu, kama kwenu yuko kijana anayengoja kuitwa, toeni meza leo. Tuonane Jumapili ijayo.